Kiganja Kimoja cha Ngano

Kwa mara ya kwanza mkate wa udaga, ule unga wa muhogo, na mtama uliumuka mpaka ukagusa kifuniko cha mashine ya kuokea. Sababu niliijua. Unga wa ngano ulikuwa bado chini ya kucha zangu.

Daktari alimkataza binti yangu Minza ngano. Hata kipande kidogo humlaza wiki nzima kwa maumivu ya tumbo. Serikali iliporuhusu vitu vya nje kuingia nchini, baba yake alimletea mashine hiyo ya mtumba kutoka Mwanza. Lakini safari iliyopita mama mkwe, aliyetoka kijijini Nkoma, aliuweka chini mkate wangu, akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, hili ni tope."

Leo alikuja tena, nami niliongeza kiganja kimoja tu cha ngano, kwa ajili yake. Minza nilimchemshia viazi.

Mama mkwe akakata kipande cha kwanza, akacheka kwa furaha, akampa Minza. Nilisahau: wana jina moja, na bibi hali kitu kabla ya wajina wake.

Minza akanitazama, kama anavyonitazama tukipewa chapati ugenini. "Mama, huu si ni wetu?"

Nikafungua mdomo.

"Kula," mama mkwe akamwambia. "Mama yako ndiye kaupika."