Noti ya Mwisho

Mjane alizibwaga chapa mbili za wimbo wa marehemu mumewe mezani kwa mchapaji mzee.

"Hii ya wachapaji wenzenu niliisimamia mwenyewe: noti ya mwisho sauti inapaa. Yenu ya kwanza mmeifanya ififie! Nani kawaambia? Wimbo huu alinitungia mimi. Kabla haujachapwa, hakuna mwingine aliyeusikia."

Mzee akatoa karatasi yenye mwandiko wa marehemu. Chini ya noti ya mwisho palikuwa na alama ya kupaza au kufifisha sauti, kama mdomo wa ndege uliolowa wino, usijue umefunguka upande gani.

"Ilitushinda, mama. Bwana alikuwa safarini, basi tukamwita mkewe. Akatuimbia, kasimama hapo hapo ulipo."

"Mkewe ni mimi. Humu sijawahi kukanyaga."

Mzee akaanza kuikunja karatasi. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Aliimbaje?"

"Mama, tuyaache."

"Niimbie!"

Mzee akaimba huku ameinamisha macho. Kwenye noti ya mwisho akaipunguza sauti kidogo kidogo, na mikono yake, bila mwenyewe kujua, ikawa inabembea kama ya mtu aliyepakata mtoto mchanga.