Sauti Ndani ya Jalada

Mwanakheri, fundi cherehani, alikwenda kwa wakili Jumatatu asubuhi kutia saini. Yeye na wenzake elfu nne walikuwa wameishtaki kampuni kubwa ya simu, kwa kuwa simu zake zilinasa mazungumzo ya watu majumbani bila idhini yao. Kampuni ilikuwa imeshindwa. Iliamriwa ifute kila ilichorekodi kwa kila mlalamikaji atakayetia saini kuikubali hukumu.

"Kwanza usikilize kilicho chako, mama," alisema wakili Msechu, akampa hedifoni.

Alisikia cherehani yake ikikimbia. Kisha akamsikia mumewe, aliyefariki miaka mitatu nyuma, akiuliza, "Mwana, chumvi umeiweka wapi?" Naye akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu kwa ukali, "Macho unayo, tafuta!" Mume akacheka.

Mwanakheri alivua hedifoni. "Nikitia saini, na hii inafutwa?"

"Yote, mama. Ndicho tulichokidai."

"Siwezi kupata nakala?"

"Mahakama imekataza nakala."

"Na nisipotia saini?"

"Utakuwa umejitoa kwenye kesi. Sauti itabaki kwao, waitumie wapendavyo."

"Sauti ya mume wangu haitakuwa mali yao," alisema, akatia saini. "Zinafutwa lini?"

"Ijumaa, saa nne asubuhi."

Aliomba kiti, akakisogeza karibu na dirisha, akavaa tena hedifoni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwondoa. Alhamisi, wateja waliokuja kutia saini zao walimkuta palepale, amefumba macho, viganja vyote viwili vimezikandamiza hedifoni masikioni.