Mfuko wa Jumamosi

Utepe wa kupimia lishe ulisimama kwenye nyekundu, rangi ya hatari. Doriane aliufungua, akauzungusha tena taratibu kwenye mkono wa Gradi, kana kwamba utepe ungeona haya na kubadili neno lake. Nyekundu ile ile. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mkono haujafikia unene wa mpini wa jembe, na wala halii.

"Mama Gradi, leo amekula nini?"

"Uji," alijibu Pélagie.

"Na jana?"

Pélagie alimfuta mtoto pua kwa pembe ya kitenge.

Doriane alikuwa amerudi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa mazoezi ya kazi ya miezi miwili. Huko chuoni Mbarara alikuwa mwaka wa mwisho wa sayansi kimu: mapishi, lishe, ulezi, yote ya kumtunza binadamu nyumbani kwake. Yeye aliyefika kambini toka Fizi, ng'ambo ya mpaka, mgongoni mwa shangazi, hana baba hana mama, leo amevaa koti jeupe na watu wanampisha njiani. Alisoma kwa ufadhili. Barua ya kwanza aliletewa na Mama Bernardine, mwenyekiti wa Umoja wa Mama Wakulima, aliyemwambia kwamba kuna watu wamempenda, asiulize sana, yeye asome tu. Kila muhula Doriane aliwaandikia watu hao, "Wapendwa wafadhili wangu wa mbali," akampa Mama Bernardine aitume. Safari hii mama huyo alimwomba aandike kwa Kiswahili, aache Kiingereza. Doriane alicheka peke yake. Kumbe Wazungu nao wameanza kujifunza lugha yetu.

Niyomugabo, mzee wa Kirundi aliyejitolea kushika mizani pale kliniki, aliinama kama anayenong'ona, ila benchi zima lilimsikia.

"Chakula cha mama huyu kina miguu. Kila Jumamosi kinatoka kutembea."

Akina mama wawili watatu walicheka, wengine wakageuza nyuso. Niyomugabo aliendelea kwamba amemwona kwa macho yake, mfuko chini ya kitenge, anapanda njia ya kilimani, na akirudi mfuko hauna kitu.

Tangu mgao wa chakula upunguzwe, wapo waliouza hata hicho kidogo wakanunulia pombe. Doriane alimuuliza Pélagie waziwazi kama anauza chakula cha mtoto. Pélagie alikataa kwa kichwa. Alimuuliza basi kinakwenda wapi. Pélagie alikaza fundo la kitenge chake. Alimweleza kwamba kwa mkono huu, Gradi akishikwa na kuhara hata siku tatu tu, hatamaliza ya nne.

Pélagie alisema anajua. Wa kwanza wake, Ushindi, alikwenda hivyo hivyo, na wakati ule hapakuwa na mtu fasi hii wa kupima mkono, wala wa kumwambia mama neno kwa lugha anayoisikia.

Halafu akauliza, "Weye unamaliza masomo lini, mwanangu?"

"Desemba."

Pélagie alihesabu kwa vidole. Akamtazama Gradi, akahesabu upya.

"Miezi haiko mingi," alisema. "Tutajikaza."

Doriane aliona anakwepwa. Alimpa pakiti tatu za lishe ya karanga, zote zilizobaki kwenye boksi, akamwapisha kuwa ni za Gradi peke yake. Mama alipotoka, alifungua daftari na kuandika kwa penseli: *Anauza chakula.* Jumatatu jina la anayeuza lingesomwa mbele ya mkutano wa kijiji, na aibu ya namna hiyo haioshwi na maji. Kwa hiyo hakutaka kuliandika kwa kalamu ya wino kabla hajajionea mwenyewe.

Jumamosi asubuhi alimfuata kwa mbali. Gradi alikuwa mgongoni, kichwa kinayumba kila mama anapokanyaga jiwe. Upande mwingine wa kitenge palikuwa pametuna kidogo: ule mfuko. Hawakuelekea soko la Base Camp. Walipita mashamba ya mahindi yaliyokauka kabla ya kuzaa, wakapanda kilima, wakaingia kwenye boma la minyaa.

Doriane alichungulia kwenye tundu la ua. Ndani walikuwepo wanawake kama thelathini, wamejipanga, kila mmoja na kimfuko au bakuli lililofunikwa. Wengi walibeba watoto. Macho yake, kwa mazoea, yalianza kupima mikono: njano, njano, nyekundu, njano. Katikati ya uwanja lilisimama gunia mdomo wazi, na nyuma ya gunia, mikono kiunoni, alisimama Mama Bernardine.

Kumbe mnunuzi ni yeye. Mwenyekiti mzima. Doriane alitoa daftari mfukoni, akashika kalamu ya wino, akatafuta mahali pa kuingilia.

Mama mmoja alimimina maharage. Wa pili, unga. Pélagie akafika mbele, akafungua mfuko wake, na Mama Bernardine akamshika bega asubiri.

"Bamama, bado magunia mawili yaende chuoni Mbarara, tumemaliza," alisema. "Na leo iko barua. Nilimwambia aandike Kiswahili, ili musikie nyinyi benyewe."

Alivaa miwani, akaikunjua karatasi.

"Wapendwa wafadhili wangu wa mbali," alisoma. "Sina cha kuwalipa. Namwomba Mungu tu, watoto wenu wasilale njaa hata siku moja."

"Amina," alisema Pélagie, akaugeuza mfuko wake, akaukung'utia guniani.