Mafua ya Nyonda

Siku hizi kila nyumba lazima iwe na paka, na kila paka avae mkanda shingoni. Mafua yakiingia ndani, mkanda unageuka mwekundu kabla hatujapiga chafya. Bwana afya anamchukua paka, sisi tunachomwa sindano mapema. Tangu sheria hii ianze, mtaani kwetu hatujazika mtu kwa mafua. Nashukuru, tena sana.

Jana asubuhi mkanda wa paka wangu, Nyonda, ulikuwa mwekundu.

"Shikamoo, Bi Zamzam," bwana afya alisema huku akimtia sandukuni. "Mshukuru huyu. Mafua kayaleta yeye, lakini amekuonya mapema."

"Marahaba, mwanangu. Namshukuru."

Sikumwambia kwamba juzi nilipiga chafya mimi. Wala sikumwambia kwamba Nyonda hana meno, na kila mlo mimi humtafunia dagaa kinywani mwangu, kama nilivyowatafunia wanangu.

Paka wanaochukuliwa hawarudi.

Mchana watu wa afya wakaniletea mwingine, kitoto cha paka, kinalia njaa. Nikakitazama meno: madogo mno. Nikatia dagaa kinywani, nikaanza kutafuna.