Kandambili ya Siwatu

Mwinjuma alikuwa akimfundisha mbwa wake, Karani, kwenda mbali kuleta kitu ambacho hakukiona kikifichwa, kwa kufuata mkono tu. Asubuhi hiyo alificha kandambili kuukuu ya mkewe, Siwatu, kwenye mkonge, akanyoosha mkono. Karani akaupita mkonge, akavuka kijito, akatokomea upande wa kwa shemeji yake Mwinjuma, alikokuwa amekimbilia Siwatu akisema mbwa anapendwa kuliko yeye.

Karani alirudi na kandambili mpya. Nyuma yake alikuja Siwatu, mguu mmoja mtupu, mwiko mkononi.

"Wenzako huleta wazee kuomba radhi. Wewe unatuma mbwa?"

Mwinjuma akanyoosha mkono taratibu kuelekea mlango wa nyumba yao wawili. Karani akachomoka na kandambili mpya, akaingia nayo ndani. Siwatu akabaki akiutazama ule mkono, mwiko ukiwa juu.