Mashine Ambayo Haipo

Ndani ya kompyuta yake, Salme alikuwa akiigiza kwa programu kompyuta nyingine ambayo kiwandani walikuwa bado hawajaitengeneza. Aliipa viini vinne, yaani sehemu za kufanyia hesabu, badala ya kimoja, akaiwasha, akaiandikia swali. Mashine ya kuigiza huenda taratibu sana, hata neno moja huchukua muda kutokea kwenye skrini. Kaka yake, Haroub, akanyoosha kidole abonyeze kitufe ili swali liende tena.

"Iache, kaka. Imeshasikia. Ukiiharakisha utaichanganya tu."

Baba yao alikuwa ameketi kando. Tangu apate kiharusi, maneno yalimtoka kwa tabu.

"Na... nataka..."

"Maji?" Haroub akadakia. "Chai? Ulale?"

Mzee akafumba mdomo, kama kila siku.

Salme akamvuta kaka yake shati, akamkalisha. Kisha akaipa skrini mgongo, akamwelekea baba yake, akangoja. Chai ya Haroub ikapoa mezani.

"Nataka... kuuliza," baba alisema hatimaye. "Hiyo mashine... inajua... kwamba haipo?"

Nyuma ya Salme neno la kwanza lilikuwa limekamilika kwenye skrini, na hakuna aliyegeuka kulisoma.