Mkono Usioonekana Pichani

Kioo kilikuwa kimeshapakiwa kwenye pikapu, kimeviringishwa blanketi, na mke wa Fundi ameshakaa mbele, begi mapajani. Vyombo, kitanda, hata cherehani, vyote aliviacha.

Dereva alicheka, akamuuliza kama katika nyumba nzima ameona cha kujiangalizia tu.

"Ndicho changu," alijibu.

Fundi alikuwa ameng'ang'ania mlango wa gari. Ndiye Fundi wa ile picha iliyochongwa kwenye ubao, ikapakwa wino na kupigwa chapa, hadi ikatundikwa kila zahanati na kila saluni: mwanamke ameketi chumbani, nguo mapajani, mwanga wa dirisha shavuni. Mkono wa kushoto umeishika nguo. Wa kulia umeishia nje ya ukingo. Macho yanakukazia wewe. Watu walisema mume aliyemchonga mkewe vile anampenda hasa. Mke mwenyewe walimteta kidogo: mzuri, ila kisu cha jikoni hakijui, kila ukimwona vidole vina plasta.

Kisa kilikuwa Kipusa. Fundi alikuwa akilala kwake, mwisho akamleta nyumbani na kumwambia mkewe ahamie chumba cha nyuma. Mezani Kipusa aliuliza kama picha ijayo atakaa yeye. Fundi akasema ndiyo, huku anatafuna chakula alichopika mkewe.

Mke hakugomba. Watu wa ukumbi mpya wa mji walipokuja wakamkosa Fundi, yeye aliwapokea. Walitaka Fundi achonge picha mpya jukwaani siku ya ufunguzi, watu wakitazama. Akawaambia mume wake atafurahi sana, na wa kukaa mbele yake keshapatikana. Fundi alipata habari kwenye matangazo ukutani, watu wakimpa mkono wa pongezi.

Ufunguzi ulikuwa leo jioni. Kipusa alikuwa ndani anajipaka poda.

"Kaa mpaka kesho tu," Fundi alisema, akifuta machozi. "Kesho nitamfukuza. Nakuapia."

Dada yake Fundi alitoka kibarazani, kanga begani.

"Wifi, mwanamume mzima analia barabarani. Mapenzi gani tena unayataka?"

"Muulize analilia nini, wifi."

Dada akamgeukia kaka yake. Fundi akatazama matairi.

"Na Kipusa mwambieni akae wima," mke alisema. "Kile kiti kinaumiza mgongo." Akamgusa dereva bega, gari likaondoka.

Jioni ile ukumbi ulifurika. Fundi alikaa mbele ya ubao mweupe, patasi mkononi, Kipusa kwenye kiti, hadi watu wakaanza kuzomea, na hadi waliozomea wakachoka wakaenda zao.

Siku hizi Fundi anauza saruji. Kipusa aliondoka na mpiga picha za harusi. Wifi bado anamsimulia kila mgeni jinsi mapenzi yalivyomwua kaka yake mkono.

Mke yuko mji mwingine, katika chumba kimoja chenye dirisha zuri. Kioo amekiegemeza ukutani mkabala na kiti. Kila asubuhi huketi, nguo mapajani, akakikazia macho. Mkono wa kushoto unatulia juu ya nguo. Wa kulia unachonga.